Kaa, Tazama, Usiguse

Jumatatu, 4 Machi

Wanafunzi wangu wameingia mtaani leo. Hatimaye! Nimewapanga langoni mwa chuo kama watoto wa chekechea, nikawakumbusha sheria ya kazi: kaa, tazama, andika, usiguse. Kila mmoja ana nyumba yake, kila mchana, kwa mtu anayeuguza mtu. Mke aliyepooza, baba asiyeona, kijana mkubwa asiyejiweza. Kila robo saa mwanafunzi anaandika huyo anayeuguza anafanya nini. Basi. Hapiki, hafui, hatoi ushauri.

Kidole Juu akauliza — lazima aulize, akikosa swali anaumwa — je, akipewa maji anywe? Anywe. Je, akiombwa ashike mlango? Nikamwambia mlango una bawaba zake, utajishika wenyewe. Wenzake wakavunjika mbavu. Yeye akaandika hilo la bawaba.

Binti mrefu, mkono hewani kutwa. Jina hilo nimempa mimi, moyoni tu.

Nina furaha ya kijinga. Miaka yote hii nafundisha somo hili. Kwenye ratiba linaitwa Uchumi wa Mtaani, midomoni mwa wenzangu linaitwa Somo la Miguu, na ripoti zetu zote zimelala kabatini. Safari hii mtu kaomba ripoti! Kamati ya Majengo ya halmashauri ina chumba kitupu mwisho wa mtaa ule, zamani ofisi ya maji. Watu wanaouguza wanakitaka kiwe Chumba cha Mchana: unampeleka mgonjwa wako, anakaa na wenzake, wewe unakwenda kulala. Halmashauri wanataka kukifanya stoo ya madawati mabovu. Wameniambia: tuonyeshe kama watu hawa kweli hawapati nafasi ya kupumzika, tutaamua.

Kazi yangu ni kuonyesha kwamba hawapumziki.

Nafuta. Kazi yangu ni kutazama kama wanapumzika. (Mwalimu mzima!)

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi nyumbani, mama yangu amenitazama tangu mlangoni mpaka kitini. Kisha akamnong'oneza Fundi kwa sauti ya kusikika barabarani: huyu mama wa vitabu ni nani, mbona kila jioni yuko hapa?

Fundi, mume wangu, bila hata kupepesa: ni mpangaji wetu, Mama. Kodi halipi, lakini ana adabu.

Nikacheka. Nikaingia bafuni nikalia kidogo. Nikatoka nikacheka tena.

Tangu Mama ahamie kwetu, Fundi amehamisha meza yake ya kutengenezea redio kutoka kibandani hadi sebuleni, ili awe anamwona. Nyaya juu ya kochi, skrubu ndani ya kopo la sukari. Silalamiki. Nalalamika kidogo tu.

Alhamisi, 14 Machi

Siku mbaya.

Bwana Grafu amemaliza kuchora. Ofisi yetu ni moja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Anajua hesabu kuliko mimi, nami namzidi kuongea. Akanigeuzia kompyuta: asubuhi mlima, mchana bonde. Asubuhi tuliwauliza wauguzaji kwa mdomo, wakasema hawakai chini. Mchana tuliwatazama kwa macho. Wamelala! Nyumba karibu zote. Anapumzika, anapumzika, anapumzika.

Bwana Grafu akasema hivi, si kwa ubaya, anasema tu: wakiulizwa wanalalamika, wakitazamwa wanalala.

Nikamwambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akasema methali haiingii kwenye grafu.

Nilikuwa nimeahidi kuwapa kamati matokeo ya awali leo. Nikashika tama mpaka chai ikapoa. Nitume? Nisitume? Kama grafu ingepanda nilivyotaka, ningetuma mbio. Basi nimetuma.

Katibu wa kamati amepiga simu hata kabla sijavaa koti. Sauti ya furaha. Kumbe wanalala, Dokta! Anasema amefurahi sana, maana stoo ilikuwa inawasumbua.

Jumamosi, 16 Machi

Nimenuna tangu asubuhi. Nimepiga pasi hadi mataulo.

Nimemuuliza Fundi: wewe mchana unapata kupumzika? Akauliza hilo ni swali la mtafiti au la mke. Nikasema la mke. Akasema basi jibu ni kwamba mke leo amependeza. Mama akadakia: nani kapendeza, yule mpangaji?

Hakunijibu. Nimeliona hilo sasa, ninapoandika.

Jumanne, 19 Machi

Niandike yote, nisije nikayapamba kesho.

Nimekwenda mtaani bila kumwambia mtu. Nilitaka kuona huo usingizi kwa macho yangu. Nilianza na nyumba ya Mzee wa Viatu, kwa kuwa ndiyo ya kwanza ukitoka barabarani. Anashona viatu mlangoni mwake, na ndani anamuuguza mkewe aliyepooza upande mmoja. Nikapiga hodi. Kimya. Nikachungulia.

Mzee yuko kwenye benchi, amelala fofofo. Kiatu cha mtu mapajani, sindano bado iko vidoleni, mdomo wazi. Bwana Grafu yuko sahihi, nikajisemea, nenda zako.

Kisha nikasikia sauti ndani: haya bibi, moja, mbili, twende.

Kidole Juu! Mikono ya shati imekunjwa mpaka juu ya viwiko. Anamgeuza bibi ubavu wa pili, mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, polepole, kama anayehamisha sufuria iliyojaa. Sakafuni beseni la sabuni. Dirishani shuka zimeanikwa, bado zinadondosha maji. Bibi anacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Juu ya stuli kuna karatasi ya kazi. Nikaisoma nimesimama. Mwandiko mzuri, umenyooka, kila robo saa: Muuguzaji anapumzika. Anapumzika. Anapumzika.

Kwa hiyo hakusema uongo! Mzee alikuwa anapumzika kweli. Sheria yangu ilisema aandike muuguzaji anafanya nini. Haikuuliza kazi yake anaifanya nani.

Kidole Juu akaniona. Uso ukamshuka. Akaanza: Mwalimu nisamehe, siku ya kwanza nilikaa, naapa nilikaa. Lakini bibi alikuwa analia ubavu unauma, na babu ana gundi mikononi, na mimi nimekaa tu na kalamu… nilishindwa.

Kelele hizo zikamwamsha mzee. Akaruka kama aliyefumaniwa. Shikamoo, mzee wangu. Marahaba, Mwalimu, samahani, macho yamenisaliti. Akasema huyu mjukuu wetu akiingia tu, mwili unajua wenyewe, unazima. Nikamuuliza na siku asizokuja? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanalowesha au vipi.

— Siku asizokuja namgeuza mimi.

Nimeketi pale kwenye benchi, palipokuwa bado na joto lake. Sikujua nimkumbatie binti au nimpe sifuri.

Jumatano, 20 Machi

Darasani nimefunga mlango. Nikauliza: nani amegusa?

Feni inazunguka. Nikauliza tena, kwa sauti ninayoitumia kwa Mama. Mkono mmoja ukapanda. Alikuwa anaosha vyombo, anasema, vichache tu. Mwingine alikuwa anamsomea gazeti yule baba asiyeona, binti yake amelala chini ya meza ya cherehani. Kisha mikono ikafumka kama uyoga. Yule kijana mnene wa kiti cha nyuma, ambaye sijawahi kusikia sauti yake tangu mwaka uanze, amejifunza kusuka nywele. Anasuka vizuri, mwenzake akaongeza, mtindo wa twende kilioni. Darasa likacheka, nami nikacheka, mwisho wa ukali wangu ukawa hapo.

Wa mwisho kuinua mkono alikuwa Kidole Juu. Aliuinua mpaka begani tu.

Nawapenda watoto hawa. Nalisema hapa kwa kuwa mbele yao sitalisema, watavimba vichwa. Nimefundisha maisha yangu yote ili wanafunzi waone. Hawa wameona, wakashindwa kuvumilia. Sasa ni alama gani ya kuwapa? Na data imeoza yote, hakuna hata nyumba moja ya kuokoa.

Na ile grafu iko mezani kwa kamati.

Jumapili, 24 Machi

Jaribio. Nimejisemea: wewe mwenye sheria, ifuate. Baada ya chakula cha mchana nikachukua kiti, kalamu, karatasi. Kaa, tazama, andika, usiguse. Anayetazamwa: Fundi.

Robo saa ya kwanza: anamlisha Mama. Anamfuta kidevu. Anakaza skrubu moja. Mama ameita. Anakaza ile ile. Mama ameita. Anamtafutia kanga yake. Kanga ameivaa. Anamwambia ameivaa. Anamwambia tena, kwa upole ule ule, kama vile la kwanza hakulisema!

Robo saa ya pili: Mama amemwaga maji miguuni. Fundi anapiga magoti, goti lake bovu linalia kama mlango. Nikawa nimeweka karatasi chini. Sikumbuki nikiiweka. Nilikuwa nimeshashika beseni, nimeshamwambia pisha.

Basi. Nami nimegusa. Sikufika hata nusu saa.

Nikamwosha Mama miguu. Akanitazama mikono muda mrefu. Mpangaji, akasema, una mikono kama ya binti yangu. Nikamuuliza binti yako yuko wapi, Mama? Akajiweka sawa kitini. Yuko kazini, akasema. Anafundisha watu.

Alivyolisema! Kama vile kazi hiyo ni moja tu duniani na wamempa binti yake.

Nilipogeuka kumwambia Fundi, Fundi alikuwa amelala. Ameketi, bisibisi mkononi, miwani juu ya paji. Kumbe anakoroma mchana pia. Mimi najua mkoromo wake wa usiku, huu wa mchana sikuwahi kuusikia. Ni mwembamba zaidi. Nikaizima redio iliyokuwa inapiga kelele tupu mezani, nikakaa kati yao wawili mpaka jua likahama ukutani.

Nampenda mtu huyu. Yeye aliniambia Mama ahamie kwetu. Mimi nilikuwa bado napiga hesabu ya vyumba.

Jumatatu, 25 Machi

Nimempigia Katibu. Nikasema matokeo yale yana kasoro, nayaondoa. Akauliza kasoro gani. Nikamweleza. Akasema: Dokta, unataka kuniambia wanafunzi wako walifua? Ndiyo. Na kwa hiyo wauguzaji wakalala? Ndiyo. Lakini walilala? Walilala! Basi, akasema, si ndiyo ripoti inavyosema.

Anasema karatasi zimeshagawiwa, kikao ni Alhamisi, hakuna muda wa utafiti mwingine. Nikitaka, nije niseme mwenyewe, nije na mashahidi. Akaongeza, na hili limenichoma: mwaka jana tuliwaita watu wa mtaa ule ukumbini, hakuja hata mmoja. Mwenye shida huja, Dokta.

Mkuu wa Kitivo naye kapata habari. Kaja mpaka mlangoni petu, hakuingia. Anashauri nisiende kikaoni kutangaza mbele za watu kwamba utafiti wa chuo umeharibika. Niache lipite. Somo la Miguu lina maadui wa kutosha, anasema, nisiwape fimbo.

Ana haki ya kuogopa. Mimi pia naogopa. Nikisimama pale na kusema data yangu ni mbovu, nani atalipitisha somo hili mwaka ujao? Lakini nikinyamaza, madawati mabovu yatapata chumba cha kupumzikia na Mzee wa Viatu atakosa.

Bwana Grafu alijifanya anasoma. Mkuu alipoondoka akasema, bila kugeuka: mimi ndiye niliyechora lile bonde. Sikujua kuna watu wamelala ndani yake.



Jumanne, 26 Machi

Nimemweleza Fundi maneno ya Katibu, kwamba mwenye shida huja. Alikuwa anamkata Mama kucha. Akacheka mpaka akasimamisha mkasi. Waje, wamwache mgonjwa na nani? Na paka?

Nimekaa na sentensi hiyo kama mtu aliyepigwa kibao. Kikao huwa mchana! Wanawaita watu ambao shida yao ndiyo kutoweza kuja, kisha wasipokuja wanasema hawana shida.

Mama akauliza paka yuko wapi.

Jumatano, 27 Machi

Asubuhi darasani. Nikasema: kesho naifuta sheria. Kesho nendeni mkaguse. Kila mtu kwenye nyumba yake ya mtaani, tangu wakati wa chakula mpaka kikao kiishe, na anayeuguza aje ukumbini.

Mkono wa Kidole Juu ukapanda hadi dari. Je, nyumba ya Mzee wa Viatu aende yule msusi, maana nyumba yake inapakana na ile, bibi amemzoea, na ana nguvu za kumgeuza? Sawa. Na yeye mwenyewe? Akasema Mwalimu, kwenu nani atabaki na bibi, kama mzee wako anakuja kuwa shahidi?

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba nyumbani kuna Mama; anasema hunisikia koridoni nikimuulizia kwa simu. Wala sikuwa nimefikiri kwamba Fundi ni shahidi.

Jioni nimemwambia Fundi. Akasema hana shati la ukumbini. Nimelipiga pasi lile la kijivu. Akalivaa leo leo kulijaribu, Mama akasema umependeza, baba, unaoa?

Alhamisi, 28 Machi

Naandika humu humu ukumbini, kitabu kiko gotini. Kikao kimechelewa. Bado wanabishana kuhusu paa la soko linalovuja, nani aliliezeka, nani aliyekagua.

Wamekuja! Mstari mzima, viti vya bluu vya plastiki, upande wa ukuta. Mzee wa Viatu amefunga tai. Viatu vyake mwenyewe vimechanika, aliniona nikivitazama akasema mganga hajigangi. Yule binti wa cherehani kaja na uzi bado umening'inia kwenye kola. Fundi yuko hapa kushoto kwangu, shati la kijivu, ananukia sabuni. Tulimwacha Mama na Kidole Juu. Alikuwa anamwonyesha binti lile kopo la skrubu, anamwambia achukue sukari asione haya.

Niliwaambia mashahidi: mkiitwa, semeni tu siku yenu inavyokwenda. Binti wa cherehani alikuwa anafanya mazoezi ya maneno chini chini. Nina roho mkononi. Nimeandika hotuba, sasa naiona ndefu.

Bado paa.

Binti wa cherehani ameacha mazoezi. Nimegeuka: amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mikono mapajani.

Baadaye kidogo. Mama mmoja wa kiti cha mwisho naye. Kisha jirani yake. Ukumbi una joto, viti havitikisiki, hakuna anayewaita. Mzee wa Viatu alipigana kiume, akajifinya, akaivuta tai. Kidevu kimeshuka juu ya tai. Usingizi wa pono.

Nimemgusa Fundi kwa kiwiko: usilale. Akasema silali, nafumba macho tu.

Bwana Grafu ameingia. Sikumwita! Amekaa nyuma yangu. Ameinama sikioni: waamshe, watatuaibisha, kamati inatazama. Nikamwambia tazama wewe. Nimesikia akihema. Nje kuna gari linapiga honi, halikomi. Sasa amenyanyuka, anakwenda kwa ncha za vidole, mtu mkubwa vile — amefunga dirisha. Taratibu, kwa mikono miwili, lisilie.

Naye amegusa.

Paa limekwisha. Katibu anatuonyesha kwa kalamu yake, anamnong'oneza Mwenyekiti, anatabasamu. Nadhani anasema si niliwaambia. Mwenyekiti ni mama wa makamo, miwani ya mnyororo. Ameita kwa sauti ya ukumbi: mtafiti wa chuo asimame, na mashahidi wake wasimame.

Hakuna aliyeamka. Hata mmoja.

Kichwa cha Fundi kimeniangukia begani. Kizito, kina joto. Ule mkoromo mwembamba.

Mwenyekiti amevua miwani. Anatutazama mstari mzima, kiti kwa kiti, mwanzo mpaka mwisho, tena mwisho mpaka mwanzo. Katibu anataka kusema kitu, amemzuia kwa kiganja. Ameita tena, safari hii kwa kunong'ona: mtafiti, tafadhali.

Nikisimama, ataamka. Sisimami. Naiweka kalamu chini, nainua mkono kama Kidole Juu, nijibu nikiwa nimeketi —